Ndoto Iliyoonwa Kabiria

Kazi yangu ya kwanza yenye mshahara ilikuwa kuwasikiliza watu wakizungumza na Mungu, na muda mwingi nilioifanya kazi hiyo nilikuwa naogopa. Wenzangu wa chuo kikuu walidhani naogopa kwa kuwa mimi ni mwanamke, tena wa Kiislamu, tena mtu wa pwani aliyetumwa kuchunguza makanisa ya bara. Hayo yalikuwamo, sikatai. Lakini ukweli ni kwamba mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Niliwaogopa mbwa wa Kabiria, kijiji cha Dagoretti nilikotumwa. Niliviogopa vijia vya huko, vilivyozibwa na michongoma pande zote mbili mpaka mtu haoni mbele wala nyuma. Na niliogopa ngoma. Ikianza kulia ndani ya lile kanisa la mabati, nilihisi inapigwa kifuani mwangu mimi, na watu wakianza kutetemeka na kunena kwa ndimi, nilikikumbatia kinasa sauti changu kama mtoto aliyeng'ang'ania kanga ya mamake.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Makanisa mapya yalikuwa yakichipuka Dagoretti nzima, kila moja na nabii wake na mavazi yake, na profesa wangu, Mzungu mrefu mwenye soksi za kufika magotini, alitaka yote yaandikwe kabla hayajabadilika. Yeye hakuogopa kitu. Nilimwonea wivu kwa hilo mpaka siku moja nikaelewa kwamba mambo yakiharibika yeye ana kwao pa kurudi. Sisi kwetu ni hapa hapa. Siku zile mkutano usio na kibali ulivunjwa kwa virungu, watu wawe wanaomba au wanapiga siasa, na watu wa chifu walikuwa na tabia ya kunisimamisha njiani na kuniuliza wale wenye vilemba vyeupe wanasema nini huko ndani.

"Wanaimba," nilikuwa nikiwajibu.

"Wanaimba nini?"

"Sijui Kikuyu."

Kweli sikukijua vizuri, lakini jasho lilinitoka vile vile.

Nilikaa na baba yangu ghorofani, katikati ya mji, upande wa River Road. Mama alikuwa ameshafariki. Chini yetu palikuwa na maduka ya nguo na ya masufuria, na juu tulikuwa na vyumba viwili na ukumbi, ambao baba aliufanya chuo cha kusomeshea watoto Kurani. Alitoka Mombasa ujanani, na mpaka uzeeni alizungumza Kiswahili cha Mji wa Kale kana kwamba Nairobi haijamfikia masikioni. Wenye maduka walimtania: "Mwalimu, tumesikia bintiyo amekuwa padri." Naye akiwajibu: "Bado. Angojea kupimwa kilemba." Shangazi yangu wa Mombasa hakuchukulia utani. Alileta salamu kwamba msichana mwenye akili zake haendi kushinda kwenye ngoma za makafiri. Baba alizisikiliza salamu, akaniambia tu kwamba kumjua mwenzio anavyomwogopa Mungu si dhambi, ila nisisahau sala zangu huko niendako.

Kanisa nililolifuata zaidi lilikuwa Kabiria, mteremkoni, kati ya shamba la mahindi na zizi la ng'ombe. Kiongozi wake alikuwa mwanamke wa makamo, mkulima, ambaye Jumapili alikama ng'ombe wake kwanza ndipo akavaa kanzu yake nyeupe akaja kuongoza ibada. Wote walimwita Mama, nami nikamwita Mama. Alikuwa na macho matulivu, na hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hilo nalo liliniogopesha. Nabii anayepiga kelele unaweza kumtilia shaka, lakini yeye alizungumza kama mtu anayekueleza bei ya viazi.

Desturi yao kubwa ilikuwa ndoto. Jumapili, kabla ngoma haijaguswa, kila aliyeota neno zito alisimama akalisema mbele ya wote. Na ndoto mbaya ndiyo hasa iliyopaswa kusemwa. Aliyeota kifo cha mtu akanyamaza, kwao ni kama ameona nyumba ya jirani inaungua akarudi kulala: damu ya yule mtu iko mikononi mwake. Tena haitoshi kuisema kanisani. Lazima mwenyewe aliyeotwa apelekewe habari kabla ya Jumapili nyingine, ili aombe na kuombewa, mauti yageuzwe njia.

Kwetu ni kinyume kabisa. Nilifundishwa nikiwa mdogo kwamba ukiota ndoto mbaya unatema mate kidogo upande wa kushoto, unajilinda kwa Mungu, unageukia ubavu wa pili, na humwambii mtu. Bibi yangu alikuwa akisema ndoto imening'inia mguuni mwa ndege. Mwenye kuisema na kuifasiri ndiye anayeiangusha. Ukinyamaza, ndege ataruka nayo aende zake. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tofauti hii niliipenda sana kama msomi. Nilikuwa nimeiandikia sehemu nzima katika tasnifu yangu, na profesa akaisifu.

Jumapili moja Mama alisimama mwenyewe kusema ndoto. Kwa kawaida mambo yote yalisemwa kwa Kikuyu, nami nikasubiri kutafsiriwa baadaye. Siku ile alisema kwa Kiswahili. Mle ndani asiyejua Kikuyu nilikuwa mimi peke yangu.

"Mimi nimeona mzee moja," alisema. "Amevaa kofia nyeupe, ile ya Waislamu. Watoto wanasoma kwa sauti, wengi, wamekaa chini kwa mkeka. Yeye ametoka inje, sasa anarudi, anapanda ngazi. Ukuta ya hiyo ngazi ni buluu, kama ile dawa ya kufua nguo nyeupe. Anafika katikati, anashika hapa." Akajishika kifua. "Anakaa chini. Halafu analala. Ile ya kusema hapa imeisha."

Kanisa zima likageuka kunitazama.

Nimetafuta miaka mingi kichwani mwangu kama niliwahi kumweleza habari za baba. Walijua mimi ni Mwislamu, basi. Sikumbuki kuwaambia kwamba baba anasomesha watoto, na ngazi zetu sikuwa na sababu ya kumsimulia mtu. Ukuta wake ulikuwa buluu kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa na duka la rangi, na rangi hiyo haikununuliwa na wateja. Nilikuwa naichukia tangu tulipohamia. Sasa nilikaa pale juu ya benchi la mbao, kinasa sauti kikizunguka mapajani, na mwanamke wa kando yangu akaweka mkono wake juu ya magoti yangu.

"Unamjua?" Mama aliniuliza.

Niliitikia kwa kichwa.

"Basi utamwambia wewe, ama nitakuja nimwambie mimi. Kabla ya Jumapili."

Nilirudi mjini nikiwa na homa ya hofu. Njia nzima nilijaribu kuwa msomi. Nilijiambia kila mzee wa Kiislamu ana kofia, na kila mwalimu ana watoto, na kila nyumba ya ghorofa ina ngazi. Nikifika kwenye ukuta, hoja zangu zote zinakwisha. Nilipoingia nyumbani baba alikuwa amekaa dirishani akimenya chungwa. Alikuwa mzima, mwekundu wa afya. Akanigawia nusu ya chungwa, nami nusura nilie.

Tafadhali nielewe nilivyobanwa. Nikinyamaza, kwa sheria ya Kabiria namuua baba yangu. Nikisema, kwa sheria ya kwetu ndimi niliyeiangusha ndoto, na namuua vile vile. Shahada yangu ilinipa maneno mazuri ya kuieleza hali hiyo, lakini haikunipa la kufanya. Nilikuwa nimekwenda kuzipima imani mbili kama mtu apimaye vitambaa viwili dukani, na sasa nilikuwa nimesongwa katikati yao, na kila moja niliiamini kiasi cha kutosha kuniogopesha.

Wiki ile sikufanya kazi. Nilisikiliza hatua za baba kwenye ngazi. Alipotoka kwenda msikitini nilikaa juu nikihesabu pumzi zangu mwenyewe mpaka nimsikie tena kule chini akisalimiana na wenye maduka, kisha viatu vyake, polepole, polepole, na alipofika pale katikati nilisimama nikafumba macho. Akisimama kupumzika kidogo, mimi moyo unanipasuka. Akikohoa, natoka mbio.

"Una nini wewe?" aliniuliza siku ya tatu au ya nne. "Wanitazama kama niliyeota pembe."

"Hamna kitu, Baba."

"Basi lete chai."

Kila baada ya sala nilibaki juu ya msala wangu nikiomba dua moja tu. Ya Rabbi, ndoto ile ijaalie iwe uongo. Yote, mwanzo wake mpaka mwisho wake, pasibaki hata kipande kilicho kweli. Niliiomba kwa machozi, na niliiomba kwa Kiswahili kwa sababu Kiarabu changu hakikutosha kwa hofu ile.

Profesa nilimweleza. Sijui nilitegemea nini. Alisimama kutoka kitini, macho yakimng'aa, akasema hii ni bahati kubwa, mtafiti mwenyewe kuotwa ndotoni na watu anaowatafiti, nisikose kuandika kila kinachotokea. Aliniuliza kama ukuta ni buluu kweli. Nilitamani kumpiga na kinasa sauti chake. Nilitoka ofisini mwake bila kuaga.

Jumamosi baada ya Adhuhuri nilikuwa nikishuka kwenda kununua mkate. Chini kabisa, mlangoni, alisimama Mama wa Kabiria, kilemba cheupe, kanzu nyeupe, mkononi chupa ya maziwa iliyozibwa kwa gunzi la hindi. Alikuwa amekuja akiuliza duka hadi duka anakaa wapi mwalimu wa watoto wa Kiislamu. Wenye maduka walikuwa wametoka nje wote kumtazama.

"Hujamwambia," alisema. Hakuwa akiuliza.

Nikamshika kanzu. "Mama, nakuomba kwa jina la Mungu wako na wangu. Kwetu ndoto kama hii haisemwi. Ukimwambia ndiyo umeileta."

"Na kwetu nisipomwambia ndiyo nimemuua. Wewe umesoma. Sasa niambie, mimi nifuate ya kwenu ama ya kwetu?"

Juu yetu nikasikia sauti ya baba: "Nani huyo? Mgeni? Mbona wamsimamisha mlangoni?"

"Ana haraka, Baba!"

"Haraka ya wapi, na jua hili? Mpandishe."

Mama akavua viatu vyake vya raba pale chini, kama wavuavyo langoni kwao. Akauangalia ukuta. Akauwekea kiganja, kama mtu anayempapasa ng'ombe.

"Ni hii," alisema.

Nilipanda nyuma yake nikijishikilia kwenye chuma cha ngazi.

Baba hampi mwanamke mkono, na watu wa Kabiria hawampi mtu yeyote mkono. Walisimama wakiinamiana vichwa, kila mmoja ametulia kwamba mwenzake hakumtia aibuni, na katika siku nyingine yoyote ningecheka. Baba alimweka kwenye kiti kizuri. Nilileta chai. Baba alisifu maziwa. Akauliza habari za mvua ya huko, na za mahindi. Mama akajibu vizuri, kisha akaweka kikombe chini.

"Mzee, mimi nimekuja na ndoto yako."

"Baba, usimwache aseme!" nilipiga kelele. "Ni ndoto mbaya, Baba, tafadhali!"

Baba hakunigombeza. Alinitazama, akaelewa, nadhani, wiki nzima nilikuwa na nini. "Mwanangu," alisema, "mimi sikwenda kwa mpiga ramli. Mgeni amekuja mwenyewe, na mzigo kichwani. Hatuwezi kumwambia arudi nao Kabiria. Sema, mama."

Akasema. Mzee, kofia, watoto, ngazi, ukuta, kifua. Kwa sauti ile ile ya bei ya viazi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha baba, nikimtazama utosi wake, nikisubiri aanguke pale pale. Chini barabarani watu walikuwa wakiuza na kununua.

Baba akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Na huyu mwanangu, alikuwamo?"

Mama akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikamwona anasitasita. "Hiyo sikusema kanisani. Alikuwa. Amekaa kwa ngazi, amekushika kichwa, ameweka kwa magoti yake. Anakuongelesha. Wewe unacheka kidogo."

Baba akavuta pumzi ndefu.

"Alhamdulillahi," alisema. "Basi hiyo si ndoto mbaya." Akamimina chai kwenye kisahani ipoe, akanywa.

Daktari alimsikiliza kifua wiki iliyofuata. Alisema moyo umechoka kama wa wazee wote, apunguze chumvi, apande ngazi polepole. Jumapili ikapita, na nyingine. Mwaka ule nilipata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Nikaikataa. Baba alikasirika siku nyingi. Nilimdanganya kwamba naogopa baridi, naye, akijua uoga wangu, akakubali nusu. Shahada ya juu nikaimalizia hapa hapa, nikaajiriwa kufundisha, nikaandika juu ya makanisa ya Dagoretti mpaka watu wakaanza kunialika mikutanoni. Mikutano ya mbali sikwenda. Kila baba alipopanda ngazi nami nilikuwa hatua moja nyuma yake, mkono wazi, tayari.

"Kwa mwoga huenda kicheko," alinitania. "Lakini nikianguka tutaanguka wawili, halafu nani atamshika mwenziwe kichwa?"

Na Mama, kila nilipofika Kabiria, kabla ya salamu nyingine aliniuliza: "Mzee anapanda?" Nami nikijibu: "Anapanda."

Miaka ikaenda hivyo. Hofu haikunitoka, ila niliizoea, kama mtu anavyozoea mzigo mgongoni. Hata niliipangia kazi: vipindi vyangu, safari zangu, kwenda kwangu sokoni, vyote vilizunguka zile ngazi.

Sabini zikielekea mwisho, mjukuu wa shangazi aliolewa Mombasa. Baba alitaka sana kwenda, nami nilikuwa na wanafunzi wa mtihani. Nilifikiri. Nyumba ya shangazi ni ya chini. Haina ngazi hata moja. Nilimpeleka stesheni mwenyewe, nikamweka kwenye gari la moshi na chakula chake, na nakumbuka nilirudi mjini kwa miguu nikiwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu ndoto ile, sikuogopa kitu.

Simu ilikuja idarani mchana wa siku ya harusi. Kwetu maiti hailazwi nyumbani. Nilipofika na gari la asubuhi kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji. Shangazi alinisimulia huku akilia. Baada ya kusali Adhuhuri alijinyoosha mkekani ukumbini. Wao walikuwa uani na masufuria ya biriani, watoto wakikimbizana kando yake, nyimbo zikiimbwa. Walidhani amelala. Walipokwenda kumwamsha kwa chakula alikuwa baridi, peke yake, kichwa amekilalia mkono wake mwenyewe.

Niliporudi Nairobi nilikwenda Kabiria. Mama alikuwa shambani. Aliniona mbali, akauacha jembe.

"Mzee anapanda?"

Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono yake kwenye kanzu.

"Na kichwa? Ulimshika?"

"Sikuwapo, Mama."

"Basi mimi niliona uongo," alisema, akaanza kulia. Nikamwambia asijilaumu, kwa kuwa ndivyo nilivyoomba. Niliomba pasibaki hata kipande kilicho kweli, na hakikubaki.